Mvuvi wa Ziwa Edward anapakia nini?

Wasikilizaji wetu wa Beni na Butembo, na ninyi jamaa mulioacha Vitshumbi, Nyakakoma na vijiji vya pembeni mwa ziwa, leo tuzungumze juu ya mzigo. Si mzigo wa kukimbia, huo munaujua kuliko mimi. Ni ule mvuvi anaoweka ndani ya mtumbwi saa za magharibi, kabla ya kusukuma. Kila kitu kilichomo kina tarehe yake, na vingine ni vya zamani kuliko ufalme wowote tunaoujua hapa kwetu.

Tuanze Ishango, pale mto Semliki unapotoka ziwani, karibu na Kyavinyonge. Mwaka 1950 Mbeleji mmoja, Jean de Heinzelin, alichimba pale akapata mfupa mdogo wenye alama 168 zilizokatwa kwa mafungu. Wataalamu wanaukadiria kuwa na miaka kama 20,000, na leo uko Brussels. Watoto wa shule wanaambiwa kwamba ni mfupa wa hesabu, na ni vizuri wajue. Lakini mimi naona tunasahau vitu vilivyotoka kwenye udongo uleule: vyusa vya mfupa, yaani ncha zenye meno ya kumnasa samaki asichomoke. Waliohesabu pale Ishango walikuwa wavuvi.

Ukifuata Semliki kwenda chini unafika Katanda. Huko, katika miaka ya 1980, Alison Brooks na John Yellen kutoka Marekani walipata vyusa vingine ambavyo wao waliona vinaweza kufika miaka 90,000. Wenzao walibishana nao sana juu ya umri huo. Pamoja na vyusa kulikuwa na mifupa ya kambale wakubwa. Kambale mkubwa huingia maji mafupi wakati wa mvua kutaga mayai, na mtu anayejua majira anamchoma akiwa amesimama tu. Kwa hiyo mzigo wa kwanza wa mvuvi wa kwetu ulikuwa mwepesi: chusa, kamba na akili ya kujua mvua.

Baadaye chumvi iliingia safarini. Ng'ambo, upande wa Uganda wa leo, kuna Katwe, na watu wa milimani kwetu walishuka na vyakula vyao kuitafuta chumvi yake tangu zamani, kabla ya Mzungu. Bila chumvi samaki hafiki mbali. Jua la ziwani linamharibu kabla ya kupanda milima ya Lubero. Nataka niseme hapa kwamba mzigo wa uvuvi ni miwili: ule wa mwanaume kwenye mtumbwi, na ule wa mama anayengoja ufukweni na kisu, chumvi na vitunga. Vitabu vinaandika wa kwanza tu. Soko la Butembo lilijengwa na wa pili.

Kisha ikaja karatasi. Waingereza na Wabeleji, katika mapatano yao ya kati ya 1910 na 1915, walipiga mstari ulionyooka juu ya maji, toka mdomo wa mto Ishasha hadi mdomo wa Lubilia. Mwaka 1925 Wabeleji wakaunda Parke Albert, ambayo leo tunaiita Virunga, na miaka iliyofuata wakaipanua hadi ikazunguka upande wetu wa ziwa. Ugonjwa wa malale nao ukawa sababu ya kuhamisha watu pembeni mwa maji. Waliokuwa wakivua kwa haki ya mababu wakawa wageni. Uvuvi uliporuhusiwa tena mwishoni mwa miaka ya 1940, ulipita mikononi mwa koperative, na mpaka leo mahali panapotambuliwa ni Vitshumbi, Nyakakoma na Kyavinyonge. Tangu hapo mvuvi anabeba ruhusa yake ndani ya mfuko wa plastiki, akiifunga vizuri kuliko chakula. (Ziwa lenyewe lilibadilishiwa jina pia: mwaka 1973 likaitwa Idi Amin Dada. Samaki hawakujali.)

Toka miaka ya 1950 nyavu za nailoni zilienea katika maziwa ya Afrika. Hazikuoza kama zile za nyuzi za miti, na zilinasa zaidi. Ndiyo maana sheria ikaangalia jicho la wavu: kwetu linatakiwa liwe inchi 4 na nusu, ili tilapia mchanga apite akue. Anayepakia wavu wa jicho dogo anapakia njaa ya mwaka ujao, na anajua. Kiboko naye ana sehemu yake katika jambo hili. Mavi yake hulisha maji. Katika miaka ya 1970 Virunga ilihesabu viboko karibu 29,000, na katikati ya miaka ya 2000 hawakufika 1,500. Waliuawa kwa bunduki za vita, kwa nyama na meno.

Basi leo ukichungulia ndani ya mtumbwi jioni utaona nini? Nyavu zilizokunjwa kwa mpango, kwa sababu wavu uliokunjwa vibaya unafungana gizani. Maboya, na mawe ya kuzamisha. Makafi, hata kama kuna moteri, maana moteri inazima. Bidoni ya mafuta. Kopo la kukomba maji. Tochi, koti zito, bugali iliyofungwa. Jile la kuokoa ni nadra, na hilo ni jambo baya, kwa kuwa upepo wa Edward hauna taarifa. Nyavu hutegwa jioni na kuvutwa alfajiri.

Pwani ya Kenya, kule Malindi na Watamu, wageni hukodi boti kwenda bahari kuu kwa starehe. Ernest Hemingway alivua huko mwaka 1934. Mgeni analeta kofia na mafuta ya ngozi, nahodha ana kila kitu. Kwetu, mzigo wote ni wa mvuvi, na mara nyingi ni wa deni. Akipotea akavuka ule mstari wa Waingereza na Wabeleji, askari wa Uganda wanaweza kuchukua moteri na nyavu pamoja naye. Julai 2018 majeshi ya nchi zote mbili yalipigana juu ya maji hayo.

Machi 2024 M23 iliingia Vitshumbi. Mwenye mtumbwi aliweza kuvuka ziwa. Aliyepanda moto kuelekea Butembo alibeba watoto na godoro, wavu ukabaki juu ya kamba ukikauka. Leo anaandikishwa kama mkulima, na anapewa jembe.

Jamaa, wanapokuja kuandika mahitaji, semeni wazi: mvuvi wa Ziwa Edward, nyavu ngapi, jicho inchi 4 na nusu, maboya, makafi mawili. Na akina mama waandikishe chumvi na vitunga kwa jina lao wenyewe, si chini ya jina la bwana.