DIKLOFENAKI IKITOKA MWILINI INAENDA WAPI? (Sehemu ya 3)

Sehemu ya 2 tuliona diklofenaki inavyochokoza tumbo na figo. Leo tuifuate ikishatoka mwilini, maana safari yake haiishii chooni.

👉 Ilitengenezwa na kampuni ya Ciba-Geigy ya Uswisi, na mwaka 1974 ikaanza kuuzwa Japani. Ilisambaa haraka kwa sababu inatuliza kweli: mgongo, magoti, jino, kila mtu anaijua.

👉 Ukimeza kidonge, sehemu ya dawa inatoka na mkojo. Ukipaka jeli, ngozi inanyonya kidogo tu, nyingine unaiosha bafuni. Yote yanaishia kwenye majitaka. Mitambo ya kusafisha majitaka mingi haiimalizi, kwa hiyo inapita mpaka mtoni.

👉 Mwaka 1998 wanasayansi wa Uswisi waliichunguza kwenye ziwa Greifensee. Wakakuta kinachoivunja zaidi ni jua. Kwenye udongo wenye hewa, bakteria nao huivunja. Lakini maji ya kina au yenye tope hayapitishi mwanga, na humo jua haliifikii.

Sasa sikia hili, ndilo linaloniuma.

👉 Miaka ya 1990 tumbusi wa India walianza kufa kwa wingi. Safari hii dawa haikupitia majini. Wafugaji waliwachoma ng'ombe diklofenaki, ng'ombe akifa mzoga unaachwa nje, tumbusi wanakula. Mwaka 2004 timu ya Lindsay Oaks, iliyofanya kazi Pakistani, ilitangaza chanzo: figo za ndege zinakufa, asidi ya yuriki inajaa mwilini kama chokaa nyeupe. Kufikia 2007, aina moja ya tumbusi ilikuwa imepungua kwa asilimia 99.9!

Mizoga ikabaki inaoza, mbwa wa mitaani wakapata chakula tele, na sisi wa afya tunajua mbwa wengi maana yake ni hatari ya kichaa cha mbwa.

👉 Mwaka 2006 India, Pakistani na Nepali zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo. Watu wakahamia kwenye vichupa vikubwa vya binadamu, wakawachoma ng'ombe vilevile. Ndipo mwaka 2015 India ikazuia vichupa vya sindano vinavyozidi mililita 3. Meloksikamu ilikuwepo, inatibu ng'ombe na haiui tumbusi.

Kwa hiyo ndugu yangu:
✅ Usimwage dawa chooni wala kwenye sinki. Uliza duka la dawa au kituo cha afya kama wanapokea zilizobaki.
✅ Dawa yako usimpe ng'ombe wala mbuzi. Muite mtaalamu wa mifugo.
✅ Usinunue pakiti nzima kama unahitaji vidonge vya siku tatu.

Figo ni figo, yako na ya ndege. Swali uliza hapo chini, nitajibu nikitoka zamu. Sehemu ya 4: parasetamo na ini.