Kelele ya Bodi Yako Ilishaimba 1975

Wasee, kama umewahi kuchomelea bodi ya maikrokontrola nyumbani, hii unaijua: programu iko sawa, waya ziko sawa, lakini namba za sensa zinarukaruka na chipu inajizima na kujiwasha yenyewe. Mtu anaamua chap chap, "Hii chipu ni feki," bodi inatupwa. Polepole kwanza. Kuna stori hapa.

Januari 1975, jarida la Popular Electronics la Marekani liliweka kwenye jalada Altair 8800, kompyuta ya kujiundia nyumbani. Haikuwa na kibodi wala skrini; programu uliingiza kwa kubonyeza swichi moja moja. Mwaka huo huo Steve Dompier, wa Homebrew Computer Club kule California, akagundua redio iliyo karibu inavuma kila Altair yake ikipiga kazi. Mwingine angesogeza redio mbali. Yeye akaichunguza ile kelele: programu gani inatoa sauti gani? Baadaye akawachezea wanachama wimbo wa Beatles, The Fool on the Hill, kupitia redio tu. Kompyuta yenyewe haikuwa hata na spika!

Huo muziki ulikuwa ushahidi. Kila chipu ikibadilisha sifuri kuwa moja, inavuta umeme ghafla, na waya unaozunguka mbali unageuka antena. Kompyuta zilipojaa majumbani, zikaanza kuvuruga redio na TV, na 1979 FCC, wasimamizi wa mawasiliano Marekani, wakaziwekea sheria za kelele.

Kwa bodi yako, fizikia ni ile ile. Weka kapasita ndogo ya nanofaradi 100 kando kabisa ya miguu ya umeme ya chipu. Hiyo ni kama tangi la maji la ploti: mfereji ukichelewa, maji yako hapo hapo. Graundi iwe pana na ipite chini ya njia za ishara, ndio umeme urudi kwa njia fupi. Mota na relei zipe waya zao mpaka kwa pawa, zisishiriki na sensa.

Kapasita ni shilingi chache. Kuacha projekti juu ya kelele ndiyo hasara. Leo usiku weka redio ya AM kando ya bodi yako, uiwashe, uzime, uiwashe tena. Halafu niambie kwa maoni umesikia nini.