Neno "yell" la Kiingereza: kuita ao kufokea?

Yell ni kupiga kelele kwa nguvu, sauti yote ikitoka. Ni neno la zamani. Katika Kiingereza cha kale liliandikwa giellan.

Wengi kwetu wanalifananisha na crier ya Kifaransa na wanaishia hapo. Lakini kaneno kadogo kanakofuata ndiko kanabadilisha mambo. "Yell to" mtu ni kumwita akiwa mbali, sawa vile mama anaita mtoto ng'ambo ya barabara. "Yell at" mtu ni kumfokea kwa hasira. Kwa wanaofanya kazi na wageni, hapo kuna hatari: mlinzi amekuita tu kutoka ku mlango, wewe unamwambia bosi "he yelled at me". Bosi anasikia kwamba umefokewa, na mlinzi anaweza kuitwa ajieleze bure.

Wezi wakiingia usiku, ni "yell for help", kupiga yowe ili majirani waje. Scream ni ile sauti nyembamba ya woga ao maumivu, mara nyingi bila maneno. Shout ndilo la kila siku, hata sokoni linatosha.

Ku simu pia: ujumbe wa herufi kubwa tupu, wenye lugha wanauhesabu kama kufokewa.