Maji, Njia na Nyumba ya Kupanga katika Dar es Salaam

Mtu atafutaye nyumba ya kupanga katika Dar es Salaam huuliza mambo mawili kabla hajaafikiana na dalali juu ya kodi: je, maji yatoka kwa nguvu, na kituo cha basi ki umbali gani? Maswali haya yaonekana kuwa ya mpangaji mmoja na nyumba moja. Kwa kweli ni maswali ya historia, maana majibu yake yalifukiwa ardhini zamani pamoja na mabomba.

Mwaka 1959 mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi huko Mlandizi. Maji yake husukumwa kwa pampu kwa kuandama barabara ya Morogoro mpaka matangi ya Kimara, na kutoka hapo huteremkia mjini kwa uzito wake yenyewe. Mwaka 1976 ukafuata mtambo wa Ruvu Chini, ambao maji yake huja kwa upande wa barabara ya Bagamoyo mpaka matangi ya kilima cha Chuo Kikuu. Hivyo maji yalipita njia zile zile zilizopitwa na abiria.

Lakini kuwa karibu na bomba si kuwa na maji. Kila mita 10 ambazo tangi limeizidi nyumba kwa kimo huleta msukumo wa kadiri ya kilo moja juu ya kila sentimita ya mraba. Nyumba ya Kiswahili yenye bomba moja uani, katika tambarare ya Kariakoo au Ilala, haikudai msukumo mkubwa. Ghorofa ya nne yadai zaidi. Kimara nako, kwa kuwa kimo cha nyumba nyingi chakaribia kile cha matangi, watu walinunua maji ya magari kwa miaka mingi, hali bomba kuu lapita jirani yao.

Kati ya mwaka 1966 na 1968 Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji katika Kenya, Uganda na Tanzania. Katika nyumba zenye bomba, mtu mmoja alitumia wastani wa lita 128 kwa siku. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 1997, wastani ulikuwa lita 66. Mabomba yalikuwa yamechakaa na miji imekua: Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 272,000 hivi mwaka 1967, ilihesabiwa zaidi ya milioni 4.3 mwaka 2012. Mwenye uwezo akanunua tangi na pampu. Na pampu inyonyayo moja kwa moja kutoka bomba la mtaa hupunguza maji ya jirani asiye nayo.

Usafiri nao ulifuata mkondo kama huo. Shirika la UDA liliundwa mwaka 1974. Mabasi yake yalipozidiwa, watu binafsi waliruhusiwa kubeba abiria mwaka 1983, na daladala zikaenea. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza safari kati ya Kimara na Kivukoni. Kimara, penye shida ya maji ya zamani, pakawa na usafiri uliotamaniwa na wengi. Mpangaji akalazimika kupima saa za njiani dhidi ya ndoo za maji.

Naye hupima kwa haraka. Aghalabu hutakiwa kodi ya miezi sita kwa pamoja, na ujira wa dalali juu yake, baada ya kuiona nyumba kwa nusu saa. Yafaa afungue bomba la ghorofa ile ile atakayokaa, tena awaulize wapangaji siku za mgao. Akumbuke pia kwamba tangi la juu ya paa humpa msukumo mdogo kabisa yule akaaye chini yake tu.

Hata hivyo busara ya mpangaji ina mpaka. Akipata nyumba njema, amemtangulia mpangaji mwingine. Hajaongeza maji wala basi. Matangi ya paani yametuzoeza kuhesabu kuwa bahati ya mtu kile kilichojengwa kiwe haki ya mji mzima, na hasara yake humwangukia asiyeweza kuchagua.