Goma: picha zinazokumbuka mitaa isiyokuwapo tena

Katika mji wa Goma, picha ya zamani si pambo la ukutani tu. Mara nyingi ndiyo alama pekee inayoonyesha namna fasi fulani ilivyokuwa.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, volkano ya Nyiragongo ilipasuka. Moto ulishuka, ukakata mji katikati mpaka ukaingia ziwa Kivu. Ulifunika maduka, ukaharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaziba upande wa kaskazini wa kiwanja cha ndege. Watu karibu 120,000 walibaki bila nyumba. Waliorudi walikuta mawe meusi, mengine bado ya moto. Barabara, miti, mipaka ya parseli, vyote vilikuwa chini. Aliyekuwa na picha ya nyumba yake ikionyesha pia ukuta wa jirani, huyo alikuwa na pa kuanzia.

Mji ulisimama tena juu ya mawe hayo hayo. Yakapasuliwa, yakawa misingi na kuta za parseli. Nyumba nyingi za mitaa zilijengwa kwa mabao, kwani si nzito, na mwenyewe anaweza kuzibomoa na kuzihamisha. Huko Himbi, kando ya ziwa, magorofa na mahoteli yameota mahali palipokuwa na bustani na nyumba za chini za wakati wa Wabelgiji.

Mabadiliko hayo hayakupigwa picha na wakubwa peke yao. Bustani za watu wote ni chache Goma, kwa hiyo maarusi na wanafunzi waliopata diploma huenda Rond-point Chukudu, penye sanamu ya rangi ya dhahabu iliyosimamishwa mwaka 2009. Mpiga foto anatafuta sura ya bibi arusi, lakini nyuma yake panaingia duka, mti, nguzo ya umeme. Bila kukusudia, ameandika historia ya mtaa.

Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, moto ulishuka tena, ukateketeza vijiji upande wa Buhene na kusimama karibu na kiwanja cha ndege. Siku tano baadaye, wakaaji wa mitaa 10 waliamriwa kuhama. Wengi walikimbia na godoro na sufuria, picha zikabaki nyumbani.

Kisha kuna kambi. Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala zilikuwa na hema tu, lakini ndani yake mlikuwa na soko, makanisa na vijia ambavyo watoto walivijua. Mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya M23 kuuteka mji, kambi hizo zilivunjwa kwa muda wa siku chache. Watoto waliozaliwa humo hawana fasi ya kuonyesha, isipokuwa picha zilizo katika simu za wazazi wao.

Kwa sheria ya mwaka 1973, ardhi ni ya Serikali, na mwenye parseli analindwa na cheti cha kuandikisha. Picha haichukui nafasi ya cheti hicho. Lakini inaweza kuwasaidia majirani kukumbuka mpaka ulipita wapi na nani aliishi pale. Ndiyo maana inafaa kuandika nyuma yake mwaka, avenue na majina ya walioonekana, na kutuma nakala kwa ndugu anayeishi mbali, kabla simu haijaibiwa au kuharibika.