UML: michoro inayoonyesha kosa la programu mbele pesa haijapotea

Chama cha akiba kikiomba kijana wa enformatike akitengenezee programu ya hesabu, mara nyingi mambo yanapatanwa kwa mdomo. Kamati inaeleza, kijana anaitika, kila upande unarudi nyumbani na picha yake kichwani. Tofauti ya zile picha mbili inakuja kuonekana programu ikiisha kuandikwa, na mara ingine pesa ya wanachama ikiisha kuingia ndani. UML iko njia moja ya kuweka zile picha mbili juu ya karatasi moja, mapema.

Herufi hizo tatu zinafupisha jina la Kiingereza, maana yake lugha ya pamoja ya kuchora mifumo. UML si lugha ya kuandikia programu kama Java ama Python. Ni alama tu: visanduku, mistari, mishale, vijitu vya vijiti. Maana ya kila alama imekwisha kupangwa, hivi mtu wa Goma akichora, wa Kinshasa ama wa Paris anasoma bila kuuliza.

Ilitoka wapi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kila fundi mkubwa alikuwa na alama zake. Grady Booch alikuwa anachora klasi kwa umbo la wingu. James Rumbaugh, aliyefanya kazi General Electric, alitumia visanduku. Ivar Jacobson, Mswidi aliyepitia Ericsson, alianzia kwenye swali moja: mtumiaji anataka kufanya nini? Rumbaugh alijiunga na Booch katika kampuni ya Rational mwaka 1994, Jacobson akafuata mwaka 1995. Mwezi wa 11 mwaka 1997, shirika OMG, ambalo linakutanisha kampuni nyingi kwa kupanga kanuni za teknolojia, likapokea UML kama kanuni. UML 2.0 ilitoka mwaka 2005, na toleo 2.5.1 mwisho wa mwaka 2017.

Wakongo wengi waliosoma enformatike kwa Kifaransa wanajua pia Merise, njia iliyozaliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970. Merise inatenganisha data na kazi zinazofanyika juu ya data. UML inavipanga pamoja ndani ya klasi. Kama kazi ni kupanga tu data ndogo, Merise ingali inatosha, na hakuna haya kuitumia.

Mfano wa AVEC

UML 2.5 iko na aina 14 za michoro. Hakuna mradi unaoiomba yote. Kwa programu ya chama kama AVEC, ambamo wanachama wananunua hisa kila mkutano na kukopeshana, minne inafanya karibu kazi yote.

Wa kwanza ni mchoro wa matumizi. Kijitu kimoja ni mwanachama, kingine ni mwenye kushika kasa, kingine ni rais wa chama. Kila kimoja kinaunganishwa na mayai ambamo imeandikwa anachoruhusiwa kufanya: kununua hisa, kuomba mkopo, kukubali mkopo. Ni mchoro mwepesi, lakini mama ambaye hajawahi kugusa kompyuta anausoma na kusema: "Hapana, rais hakubali mkopo peke yake, ni mkutano." Sentensi hiyo moja inaokoa wiki mbili za kazi.

Mchoro wa klasi unaenda ndani zaidi. Kuna sanduku la Mwanachama, la Hisa, la Mkopo, la Malipo. Juu ya mistari inayoyaunganisha zinaandikwa hesabu. Kati ya Mwanachama na Mkopo, fundi akiandika 0..*, anasema mtu anaweza kuwa na mikopo mingi kwa wakati mmoja. Akiandika 0..1, mkopo wa pili haufunguki mbele wa kwanza haujaisha. Alama mbili tatu, lakini ni sheria nzima ya chama. Halafu kuna sarafu. Mashariki mwa Kongo, dola na franga vinatembea pamoja sokoni. Sanduku la Malipo likiwa na "kiasi" bila "sarafu", basi 50 inaweza kuwa dola 50 ama franga 50, na hesabu inaharibika kimya-kimya. Kama chama kinapokea zote mbili, inaomba kuandika pia bei ya kubadilisha ya siku ile, juu kesho itakuwa ingine.

Mchoro unaostahili muda zaidi ni ule wa mfuatano. Wahusika wanapangwa juu ya karatasi: mwanachama, programu ya chama, kampuni ya simu. Chini ya kila mmoja unashuka mstari wa nukta-nukta, na wakati unatembea kutoka juu kwenda chini. Mwanachama analipa deni kwa simu: mshale unaenda kwa programu, mwingine unaenda kwa kampuni ya simu, jibu linarudi kwa mshale wa nukta-nukta. Hapo fundi anajiuliza: na jibu lisiporudi? Rezo imekatika, pesa imetoka kwa simu ya mwanachama, lakini programu haijui. Mwanachama anaona deni lake lingali pale pale, analipa mara ya pili.

UML iko na fremu ya "alt" kwa kuonyesha njia mbili: jibu limefika, jibu halikufika. Fundi akichora njia ya pili, analazimika kutafuta dawa yake: kila malipo yapewe namba yake mbele ya kutumwa, yawekwe katika hali ya "inangoja", na rezo ikirudi programu iulize kampuni kwa namba ile ile, isianzishe malipo mapya. Fundi anayekimbilia kuandika kode mara nyingi anaandika njia ya jibu zuri peke yake.

Mchoro wa nne ni wa hali. Asili yake ni michoro ambayo David Harel alitangaza mwaka 1987. Mkopo umeombwa, umekubaliwa, umetolewa, umelipwa, ama umechelewa. Kamati ikiangalia inauliza: na mwanachama aliyekimbia vita? Programu iliyo na "umechelewa" tu itaendelea kumhesabia riba akiwa kambini. Kama chama kinataka hali ya "umesimamishwa", ichorwe sasa, na iandikwe nani anaifungua na nani anaifunga. Huo si uamuzi wa fundi.

Fundi akiondoka

Kasha la AVEC linakuwa na kufuli tatu na watu watatu wenye funguo, mtu mmoja asilifungue peke yake. Programu ambayo maelezo yake yako kichwani mwa kijana mmoja iko kasha la ufunguo mmoja. Akipata kazi Kampala, chama kinabaki na mashine isiyoweza kubadilishwa. Mchoro wa klasi na ile ya mfuatano, kurasa tano ama sita, vinamwezesha fundi mwingine kuingia ndani ya siku chache.

Lakini mchoro usiosahihishwa ni mbaya kuliko kukosa mchoro, maana unadanganya kwa sura nzuri. Wanafunzi nao wana desturi yao: kuandika programu kwanza, halafu kuchora michoro usiku wa mwisho kwa ajili ya juri. Michoro ya namna hiyo haijasaidia kuona kosa lolote. Wengine wanapoteza saa nzima juu ya almasi nyeupe ama nyeusi kwenye mstari, jambo ambalo hata wataalamu hawaelewani vizuri juu yake. Martin Fowler, aliyeandika kitabu kidogo kuhusu UML mwaka 1997, anapendelea kuitumia kama mchoro wa haraka wa kuzungumzia. Kwa vyama na maduka, njia hiyo ndiyo inayofaa.

Vifaa havina bei. Karatasi na biki vinatosha mkutanoni. Kwa kuhifadhi, draw.io iko na toleo linalofanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti. PlantUML ni ya bure pia: mtu anaandika mistari ya maneno, yenyewe inachora. Faili yake ni nyepesi sana, inatumwa hata rezo ikiwa dhaifu, na inakaa pamoja na kode, hivi anayebadilisha kode anabadilisha na mchoro siku ile ile.