Tabibu wa Nafsi Aliyebaki Edinburgh

Kati ya mwaka 1927 na 1935, William Ronald Dodds Fairbairn alikuwa akifundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh na kuwatibu watoto kwenye kliniki ya chuo hicho. Baadhi yao walitoka katika nyumba mbovu kupindukia: walevi, ngumi, matusi, na wengine walikuwa wamenajisiwa. Alitarajia wawalaumu wakubwa wao. Hawakufanya hivyo. Ukimwuliza mtoto habari za baba yake alinyamaza au akamtetea, lakini kusema kwamba yeye mwenyewe ni mtoto mbaya hakukumpa taabu hata kidogo. Fairbairn alikaa na jambo hilo miaka mingi kabla ya kuliandika.

Alizaliwa Edinburgh tarehe 11 Agosti 1889, mtoto pekee wa baba Mskochi, Mpresbiteri, na mama Mwingereza, Mwanglikana mwenye mkono mzito katika malezi. Nyumbani dini ilikuwa jambo la kila siku. Baada ya shahada ya falsafa mwaka 1911 aliendelea na teolojia na masomo ya Kigiriki, hata akavuka bahari kwenda kusoma Kiel na Strasbourg, akinuia kuwa mchungaji. Vita Kuu vikaja. Mwaka 1916 alitembelea hospitali ya Craiglockhart, pale pale Edinburgh, ambako W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa waliorudi kutoka mahandakini na viungo vyao vyote lakini hawalali, wengine hawasemi. Yeye mwenyewe alipelekwa Palestina akiwa askari wa mizinga. Aliporudi, hamu ya mimbari ilikuwa imekwisha. Akaanza upya kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1923, huku naye akipitia uchanganuzi wa nafsi kwa tabibu mmoja wa mjini humo.

Shida ni kwamba elimu hii ilikuwa na makao yake London, zaidi ya kilomita 600 kusini. Huko ndiko ilikokuwa Jumuiya ya Uchanganuzi wa Nafsi ya Uingereza, na baadaye huko ndiko wafuasi wa Melanie Klein na wa Anna Freud walikogombana hadi nusura waivunje. Fairbairn alikuwa mwanachama, alisafiri mara kwa mara kusoma makala zake, kisha akapanda treni kurudi. Nyumbani hakuwa na mwenzake wa kujadiliana naye, na wakubwa wa fani pale chuoni hawakumpenda sana. Nadhani upweke huo ulimfaa: hakuwa na kambi ya kuitii.

Vita vya pili vilimpa ushahidi mpya. Alifanya kazi katika hospitali ya dharura ya Carstairs, miongoni mwa askari waliovunjika moyo vitani. Wengi wangedhani kinachowaumiza ni hofu ya kufa. Fairbairn aliona kitu kingine: watu wazima wenye bunduki walikuwa wakitaka kurudi nyumbani, kwa tamaa ile ile ya mtoto aliyetenganishwa na mama yake.

Makala alizotoa kuanzia 1940 hadi 1944 zilimpinga Freud kwenye msingi. Freud alisema mtu husukumwa na haja za mwili zinazotafuta raha, na watu wengine ni njia ya kuipata. Fairbairn aligeuza: kinachotafutwa ni mtu, na raha ni njia tu ya kumfikia. Ndipo fumbo la kliniki likafunguka. Mtoto hawezi kumfukuza mzazi mkatili, maana hana mwingine. Hivyo humwingiza ndani ya nafsi yake na kuubeba ubaya wake, ili huko nje abaki mzazi anayefaa kutegemewa. Akieleza hili, mwanateolojia wa zamani alirudia lugha ya kanisani: mwenye dhambi katika dunia ya Mungu bado ana tumaini la kusamehewa, lakini katika dunia ya Shetani hata mwema hana pa kukimbilia.

Makala hizo zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1952, mchanganuzi Ernest Jones akikiandikia dibaji. London haikufurahi: mwaka uliofuata wachanganuzi wa huko Donald Winnicott na Masud Khan walikihakiki kwa ukali.

Mgonjwa wake aliyejulikana kuliko wote ni Harry Guntrip, mchungaji kutoka Leeds, aliyepita kwake vikao zaidi ya 1,000 katika miaka ya 1950. Guntrip alieleza chumba kile waziwazi. Fairbairn aliketi nyuma ya meza kubwa. Kochi la mgonjwa lilikuwa mbele, kichwa kikielekea mezani, na kuna wakati Guntrip alihisi tabibu angeweza kunyoosha mkono akampiga kichwani. Ajabu kwa mtu aliyefundisha kwamba binadamu huponywa na binadamu mwenzake! Kikao kikiisha walikaa uso kwa uso wakijadili nadharia, na hapo tu, alisema Guntrip, ndipo alipokutana na Fairbairn mwenyewe. Baadaye alikwenda kutibiwa na Winnicott, yule yule mhakiki.

Fairbairn alifariki Edinburgh tarehe 31 Desemba 1964. Mwanafunzi wake John Sutherland, aliyeongoza kliniki ya Tavistock ya London kwa miaka mingi, alirudi Uskochi alipostaafu, akamwandikia wasifu uliotoka mwaka 1989. Kufikia hapo wachanganuzi wa Marekani walikuwa wameshaanza kumsoma kama mmoja wa waasisi wao.